Kikapu cha sokoni kwa uzi wa mifuko ya nailoni

Wengi wanaoshindwa kufuma kwa nailoni huwa wameshindwa kabla hawajashika sindano. Mifuko haikuchaguliwa, vipande vimekatwa vyembamba hapa na vipana pale, uzi umevutwa ukakonda, halafu lawama zinaangukia mkono. Ndiyo maana hapa tutakaa sana kwenye mkasi. Kufuma kwenyewe ni mshono mmoja tu, unarudiwa mwanzo hadi mwisho.

Kikapu tunachotengeneza ni cha duara: kitako chenye upana wa sm 24, kimo cha sm 25, na mishikio miwili ya kutundika begani. Andaa:

- mifuko 40 ya ukubwa wa kawaida wa dukani
- mkasi mkali (mkasi butu hutafuna nailoni badala ya kuikata)
- rula
- sindano ya kroshia ya chuma, mm 8. Kama mkono wako hulegeza mishono, chukua mm 6
- pini moja ya nepi
- kamba ya katani yenye unene wa mm 6, mita 1.6

Mifuko inatoka wapi

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Kwa aliye huku, basi, usiende kutafuta rambo au juala za kukusanya. Kumiliki tu rambo Tanzania ni kosa lenye faini. Nailoni halali iliyojaa majumbani ni ya vifungashio: mifuko ya mkate, ya sukari, ya nepi, na ile nailoni pana inayofunga chupa za maji za jumla. Ndugu zetu walioko nje, kwa mfano sehemu nyingi za Marekani, bado wanapewa mifuko kila wakienda dukani, na hao watamaliza kikapu mapema zaidi. Vipimo vya hapa vimepigwa kwa mfuko wa namna hiyo, wenye mishikio miwili. Ukitumia vifungashio vidogo, hesabu mara mbili.

1. Chagua kwa kuvuta

Kata utepe wa sm 3 kwenye kila aina ya mfuko uliyo nayo. Ushike kwa mikono miwili, uuvute polepole. Nailoni nzuri hutanuka kwanza, inapauka pale inapotanukia, ndipo inakatika. Ikikatika ghafla bila kutanuka, iache. Nyingi za namna hiyo ni zile zinazong'aa na kuchakarika kama karatasi ya pipi. Ukizichana kidogo tu pembeni, mpasuko unakimbia hadi mwisho.

Mfuko uliokaa juani miezi mingi nao hauna kazi, hata ukionekana mzima. Jua huvunja minyororo ya plastiki ndani kwa ndani. Ukiusugua kwa vidole unatoa vumbi au magamba madogo. Mifuko iliyoandikwa kwamba inaoza yenyewe nayo huvunjika hivyo hivyo. Ukiichanganya kwenye kikapu, kitaanza kupukutika mahali hapo na mishono ya jirani itafumuka.

Mifuko mbadala ile inayofanana na kitambaa usiikate. Inachanika mishikio kwa sababu mingi imebanwa kwa joto tu bila kushonwa. Shona kila mguu wa mshikio kwa mkono, mraba wenye msalaba katikati, na utaendelea kuutumia.

2. Osha, kausha kabisa

Maji ya vuguvugu na sabuni yanatosha. Geuza mfuko ndani nje kwanza, maana uchafu wa dagaa na nyama hujificha kwenye pembe za chini. Anika kivulini kwa kamba, saa mbili upande mmoja, kisha geuza. Unyevu ukibaki kwenye mikunjo utaufungia ndani ya mpira wa uzi, na baada ya wiki kikapu kizima kitanuka ukungu. Harufu hiyo haitoki tena kwa kuosha.

3. Kata pete

Hapa ndipo kazi ilipo, usiharakishe.

Tandaza mfuko mezani. Vuta nje ile mikunjo ya pembeni hadi mfuko ulale bapa. Upana wake utafika kama sm 48. Pitisha kiganja kutoka chini kwenda juu ili hewa itoke. Kata mishikio yote, kata na ule mstari wa chini ulioungwa kwa joto. Umebaki na bomba la nailoni lenye urefu wa karibu sm 33. Mishikio na vitako usitupe, vina kazi yake mwishoni.

Kunja bomba hilo katikati kutoka ubavu mmoja kwenda mwingine, kisha kunja tena. Sasa una kifungu chembamba chenye tabaka nyingi. Weka rula, kata kwa kukingama, kila kipande sm 3. Ukikunjua kipande utaona ni pete, siyo utepe. Mfuko mmoja hutoa pete 11.

Kama pete zinatoka na meno pembeni, tabaka zimeteleza ulipokuwa ukikata. Bana kifungu kwa vibanio viwili vya nguo. Kama upana unapishana kwa zaidi ya nusu sentimita, rudia. Penye wembamba uzi utakatika ukibeba mzigo, na penye upana mshono utavimba.

Mfuko wa mkate hukatwa vivyo hivyo. Nailoni ya chupa za maji ni nene, hiyo ikate sm 2.

4. Unganisha

Hakuna fundo la kawaida hapa, kwa sababu fundo hubaki kama kokoto na kukwama kwenye sindano. Shika pete ya kwanza. Ingiza ncha moja ya pete mpya ndani yake, itoe upande wa pili, kisha pitisha ncha nyingine ya pete hiyo hiyo mpya ndani ya ncha uliyoitoa. Vuta taratibu kwa mikono miwili mpaka pete mbili zikumbatiane katikati. Ukivuta kwa kishindo, pete moja inakata nyingine kama uzi unavyokata sabuni.

Pete 11 za mfuko mmoja zitakupa karibu mita 5 za uzi wenye nyuzi mbili. Viringisha mpira ukiwa umelegeza. Uzi ukivutwa wakati wa kuviringisha hutanuka na haurudi, na ukija kuufuma utakuta sehemu nyembamba kama waya. Fanya mifuko kumi kumi, uanze kufuma, kisha urudi kukata. Mkono unachoka mkasi kabla ya kuchoka sindano.

5. Kitako

Mshono ni huu: ingiza sindano kwenye tundu, nasa uzi, uvute utoke, una vitanzi viwili kwenye sindano. Nasa uzi tena, upitishe kwenye vitanzi vyote viwili kwa pamoja. Basi.

Anza na mnyororo wa vitanzi viwili (funga kitanzi kwenye sindano, kisha nasa uzi na uupitishe ndani yake, mara mbili), kisha fuma mishono 6 ndani ya kitanzi cha kwanza. Hiyo ni duru ya kwanza. Chomeka pini kwenye mshono wa kwanza wa kila duru, kwani nailoni haionyeshi duru inaanzia wapi na kuhesabu kwa macho kutakupotosha.

Duru ya pili, mishono miwili katika kila tundu: 12. Ya tatu, mmoja kisha miwili, mmoja kisha miwili: 18. Ya nne, mmoja, mmoja, miwili: 24. Endelea hivyo, kila duru inaongezeka mishono 6, hadi duru ya 12 yenye mishono 72.

Kitako kikijikunja kama bakuli, ama umesahau kuongeza, ama unakaza mno. Kikiwa na mawimbi kama ukingo wa sketi, umeongeza kupita kiasi. Kilaze mezani kila baada ya duru mbili. Kosa la duru ya nne linafumuliwa kwa dakika moja. Ukiligundua duru ya 11, utafumua karibu kitako kizima, na nailoni iliyofumuliwa huwa imeshakunjamana na haikai vizuri mara ya pili.

Sindano ikigoma kuteleza, ipake tone la mafuta ya nazi, ufute kwa kitambaa. Hali ya joto nayo inachangia: vidole vyenye jasho hunata kwenye nailoni, fuma asubuhi au jioni.

6. Ubavu

Acha kuongeza. Mishono 72 kila duru, duru 25. Kikapu kitaanza kusimama chenyewe kwenye duru ya tatu au ya nne. Rangi unaweza kubadilisha hapa kwa kuunganisha pete ya rangi nyingine mwanzoni mwa duru. Hesabu mishono kila duru ya tano. Kikapu kinachobana kuelekea mdomoni kimepoteza mishono, na mara nyingi ni ule ulio chini ya pini.

7. Mdomo na mishikio

Nailoni peke yake haifai kwa mshikio. Ikibebeshwa mzigo hutepeta kidogo kidogo. Mshikio uliokuwa wa begani baada ya mwezi unafika gotini. Hapo ndipo katani inaingia, kwani haitanuki.

Duru ya 26, ukihesabu tangu ubavu ulipoanza: fuma mishono 12, tengeneza mnyororo wa vitanzi 45, ruka mishono 12, fuma 24, mnyororo mwingine wa 45, ruka 12, malizia 12. Mishikio imekaa ikitazamana.

Duru ya 27: laza kamba ya katani juu ya ukingo na ufume ukiifunika, mshono baada ya mshono, ukipita mdomoni na kwenye mishikio bila kuikata. Jumla ni mishono 138. Kamba inaanzia na kuishia kwenye ubavu, katikati ya mishikio miwili. Ncha zipishane sm 15 hivi, na kinachozidi kikate. Kamwe usiache ncha zikutane kwenye mshikio. Kwa mpangilio huu mzigo unabebwa na mdomo mzima. Ongeza duru moja juu yake, umalize.

Ncha ya mwisho ya uzi iache sm 15, uipitishe kwa sindano ndani ya mishono ya upande wa ndani, kwenda na kurudi. Wapo wanaochoma ncha kwa kiberiti ili igande. Usifanye hivyo. Inatoa moshi mbaya usoni kwako, na donge linalobaki ni gumu, linachana mishono ya jirani na kukwaruza mikono.

Kikapu hiki kinabeba kilo 5 bila taabu: viazi, vitunguu, nyanya juu. Kisiwekewe sufuria ya moto wala maandazi yaliyotoka kwenye karai. Nailoni laini huanza kulegea hata chini ya joto la maji yanayochemka. Kioshe kwa maji baridi na ukianike kivulini. Kikisahaulika juani kila siku, kitakufa kama ile mifuko tuliyoikataa mwanzoni.

Mabaki

Una rundo la mishikio na vitako vya mifuko 40. Kwa nyumba nyingi hapo ndipo nailoni inapoishia kuwashia jiko la mkaa. Tafadhali, hapana. Moshi wake unavutwa na aliyeinama kupuliza, na mara nyingi ana mtoto mgongoni. Vijiti vikavu au kipande cha karatasi vinawasha mkaa vizuri tu.

Mabaki hayo watengenezee mpira watoto wa chandimu, soka la mtaani. Kunja vipande laini vibanane hadi vipate ukubwa wa ngumi, funga kwa uzi ule ule wa pete ukipitisha msalaba, geuza kidogo, pitisha tena. Ongeza vipande, funga tena. Kosa la kawaida ni kujaza mabaki yote kwa mkupuo kisha kufunga nje tu. Mpira wa hivyo hupoteza umbo baada ya mateke machache kwa sababu tumbo lake limelegea. Funga kila unene wa vidole viwili. Ukifika kipenyo cha sm 18, uvishe mfuko mmoja mzima uliobana, kisha suka wavu wa uzi juu yake wenye matundu ya sm 3. Wavu ukiwa na matundu makubwa zaidi, kidole cha mguu kinanasa. Weka kando pete kama ishirini za akiba, maana wavu ndio wa kwanza kuchakaa, na kuufuma upya ni rahisi kuliko kuanza mpira mwingine.