Somo: Kufuma mshazari kwenye fremu ya misumari

Leo tunafuma mshazari wa juu mbili, chini mbili. Ndiyo mistari unayoiona kwenye suti nyingi za sufu, na hata kwenye vipande vya nguo vilivyokutwa katika machimbo ya chumvi ya Hallstatt, Austria. Vina zaidi ya miaka 2,400, na chumvi ndiyo iliyovitunza. Mtambo wa makanyagio si lazima.

Vifaa: fremu ya mbao yenye misumari midogo kila nusu sentimita juu na chini, uzi mnene wa pamba kwa mtande (nyuzi za wima zinazofungwa kwenye misumari), uzi wa sufu kwa mshindio (uzi unaozikatiza), shazia (sindano kubwa) na uma wa mezani. Rangi ya mtande na ya mshindio zitofautiane kabisa, la sivyo hutaona ulipokosea.

1. Tanda nyuzi 40. Zikizidi au kupungua sawa, mradi idadi igawanyike kwa 4. Pitisha kiganja juu yake; uliolegea utausikia.

2. Safu ya kwanza, anzia KULIA: pitisha mshindio chini ya nyuzi 2, juu ya 2, mpaka mwisho.

3. Safu ya pili, kutoka kushoto: chini 1, kisha juu 2, chini 2. Utamalizia na chini 1.

4. Safu ya tatu, kutoka kulia: juu 2, chini 2.

5. Safu ya nne, kutoka kushoto: juu 1, kisha chini 2, juu 2. Utamalizia na juu 1. Rudi hatua ya 2.

Kila safu usiuvute uzi ukanyooka. Ulaze umepinda kama upinde, ndipo uusukume kwa uma. Ukivuta, kitambaa kitabanwa kiuno.

Ukishazoea, acha kuhesabu, tazama ngazi: kila safu husogea uzi mmoja kwenda kulia.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, uzi wa mwisho kila upande umebaki nje. Shida nini?*
Umeanzia kushoto. Hapo mshindio hutoka juu ya uzi wa pembeni na kurudi juu yake tena, au chini na chini, kwa hiyo haushiki kitu. Ukianzia kulia, hutoka juu ukarudi chini. Fumua, hakuna njia ya mkato.

*Jinzi nayo ni hii?*
Ndugu yake. Kwa kawaida mtande wa buluu hupita juu ya mishindio mitatu na chini ya mmoja. Mshindio haukutiwa rangi, ndiyo maana ukikunja pindo la suruali unakuta weupe.

*Mbona kimekula uzi mwingi kuliko ule ufumaji wa juu moja, chini moja?*
Nyuzi zinapishana mara chache, basi husogeleana. Ndiyo raha yake: kizito lakini kinalala vizuri mwilini.

*Shikamoo mwalimu. Bibi yangu husuka ukili wa mkeka wenye mistari kama hii. Ni kitu kimoja?*
Marahaba mwanangu. Hesabu inafanana, ila ukili hauna mtande: miyaa yote husafiri, ikifika ukingoni inakunjwa na kurudi. Kaa naye jioni moja, utashika haraka.

*Naweza kugeuza mistari iende kushoto?*
Ndiyo. Baada ya safu ya nne fuata ya tatu, ya pili, ya kwanza. Ila pembeni hapatashika tena, kwa hiyo kila ukigeuka zungusha shazia kwenye uzi wa mwisho kwa mkono.