Kuingia kwenye seva ya nyumbani kwa ufunguo, na la kufanya ikigoma

"Kaka, nimefanya yote, bado inaniuliza nywila." Mdogo wangu alinipigia Jumamosi usiku kutoka Morogoro. Ana laptopu ya zamani aliyoifanya seva ya Ubuntu ya kutunzia picha za familia, na alitaka kuingia humo kwa SSH (njia salama ya kuendesha kompyuta nyingine kupitia mtandao) akitumia ufunguo badala ya nywila. Nililijua tatizo kabla hajamaliza kueleza, maana mwaka juzi lilinikesha mimi hadi alfajiri.

Hatua ya 1: Tengeneza ufunguo

Fanya hivi kwenye kompyuta unayoitumia, si kwenye seva:

ssh-keygen -t ed25519 -C "laptopu-nyeusi"

Miongozo mingi bado inaelekeza RSA, aina ya ufunguo ya zamani zaidi. Mimi natumia ed25519, ambayo OpenSSH, programu yenyewe ya SSH, inayo tangu toleo la 6.5 la mwaka 2014, na ufunguo wake ni mfupi. Ukiombwa nywila ya kuulinda ufunguo, iweke, tafadhali. Bila hiyo, atakayeiba laptopu ameiba na seva.

Utapata mafaili mawili. id_ed25519 ndio ufunguo wenyewe na hautoki kwenye kompyuta hiyo. id_ed25519.pub ni kufuli, na kufuli unaweza kulitundika kwenye mlango wowote.

Hatua ya 2: Peleka kufuli kwenye seva

ssh-copy-id amani@192.168.1.20

Hapo amani ni jina la mtumiaji kwenye seva, na namba ni anwani ya seva; weka zako. PowerShell, dirisha la amri la Windows, haina amri hii. Tumia Git Bash, dirisha la amri linalokuja na Git. Usilitume kufuli kwa meseji ukalibandika kwa mkono: mstari ukikatika katikati, haufai tena.

Hatua ya 3: Jaribu kuingia

ssh amani@192.168.1.20

Ukiombwa nywila ya ufunguo, au ukiingia moja kwa moja, ruka hadi hatua ya 4. Ukiombwa nywila ya amani, seva imelikataa kufuli lako, na haitakwambia kwa nini. Ukiongeza -v kwenye amri utaona tu kwamba ufunguo umependekezwa, kisha kimya. Mimi nilitengeneza funguo mpya mara nne usiku ule, na ufunguo haukuwa na kosa lolote. Sababu inaandikwa upande wa seva. Ingia kwa nywila, acha amri hii ikiendelea, kisha jaribu tena ukiwa kwenye dirisha lingine:

sudo journalctl -u ssh -f

Mimi nilikuta maneno haya, na mdogo wangu akakuta hayohayo:

Authentication refused: bad ownership or modes for directory /home/amani

Maana yake, folda yako ya nyumbani iko wazi mno. Kama kila mtumiaji anaweza kuandika humo, anaweza pia kutundika kufuli lake, kwa hiyo seva inakataa yote. Na inakuwaje folda inaachwa wazi? Karibu kila mara ni Samba, programu ya kushirikisha folda kwenye mtandao wa nyumbani. Wenzako nyumbani wanashindwa kuweka picha, unatafuta jibu mtandaoni, unaambiwa uandike chmod -R 777 (ruhusa zote kwa kila mtu, hadi kila kilichomo ndani), picha zinaingia, unasahau. Dawa ni hii:

chmod go-w ~
chmod 700 ~/.ssh
chmod 600 ~/.ssh/authorized_keys

Usirudie -R kwa namba nyingine ukidhani unasafisha. Utavuruga mafaili ambayo hayakuwa na tatizo. Kama seva yenyewe ina ufunguo wake wa kwenda kwingine, nao upe 600. Picha za pamoja zihamishie /srv/picha, nje kabisa ya folda yako.

Kama uliunda .ssh kwa sudo, angalia mmiliki wake ni nani. Faili likiwa la root (msimamizi mkuu) kwa ruhusa ya 600, yaani mmiliki pekee ndiye anayelisoma, seva haitaweza kulisoma kwa niaba yako:

sudo chown -R amani:amani /home/amani/.ssh

Hatua ya 4: Zima nywila

Dirisha ulilokwisha kuingilia usilifunge hadi umalize hatua hii. Unda faili /etc/ssh/sshd_config.d/10-ufunguo.conf lenye:

PasswordAuthentication no
KbdInteractiveAuthentication no
PermitRootLogin no

Namba 10 ina kazi. Kwenye Ubuntu Server mara nyingi humo mna 50-cloud-init.conf linaloruhusu nywila, na OpenSSH husoma mafaili hayo kwa mpangilio wa majina na kushika thamani inayokutana nayo kwanza. Ndiyo maana watu hubadilisha sshd_config na nywila inaendelea kukubaliwa. Kagua, kisha washa upya:

sudo sshd -t
sudo systemctl reload ssh
sudo sshd -T | grep -i passwordauth

Jibu liwe no. Fungua dirisha jipya, ingia, ndipo ufunge lile la zamani.

Hatua ya 5: Ukiwa nje ya nyumba

Usifungue poti 22, mlango wa SSH, kwenye ruta. Mitandao mingi ya simu hukuweka nyuma ya anwani moja na wateja wengine, kwa hiyo hata ukiifungua hutafikiwa. Natumia Tailscale, huduma ya kuunganisha vifaa vyako kwa mtandao binafsi, inayotembea juu ya WireGuard (teknolojia ya VPN).

Kabla hujasafiri, tengeneza ufunguo wa pili kwenye kifaa kingine. Kwa kuwa nywila umeizima, ssh-copy-id ya kifaa hicho itagoma. Peleka faili lake la .pub kwenye laptopu kwa flashi, kisha litundike kutoka hapo:

ssh-copy-id -f -i kifaa-cha-pili.pub amani@192.168.1.20

Laptopu ikiibiwa, ingia kwa kifaa cha pili, fungua ~/.ssh/authorized_keys, futa mstari unaoishia na laptopu-nyeusi.