Kugombea Udiwani Kwenu: Kuanzia Daftari Hadi Fomu ya Matokeo

Anayegombea mahali alipozaliwa huanza na imani moja: "Hapa nani asiyenijua?" Ni kweli wanamjua, na hapo ndipo wengi wanapoangukia. Miongoni mwa wanaokujua wamo ambao hawajajiandikisha kupiga kura, waliohama zamani, wanaokudai, na wale waliokuona ukikimbia na pua mbichi ambao hawataki kusikia kwamba leo utawaongoza. Mimi husimamia kampeni za ngazi hii, na kazi yangu ya kwanza kwa kila mgombea ni kumtoa kwenye umaarufu na kumpeleka kwenye majina. Cheo kinaweza kuitwa diwani, mwakilishi wa wadi au mjumbe wa baraza. Kazi haibadiliki.

Hatua ya 1: Soma sheria kabla hujamwambia mtu

Masharti hutofautiana sana hata kati ya majirani. Kenya, anayetaka kiti cha wadi kama mgombea binafsi anahitaji kuungwa mkono na wapigakura wasiopungua 500 waliojiandikisha katika wadi hiyo, na asiwe mwanachama wa chama chochote kwa angalau miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Tanzania haina mgombea binafsi, kwa hiyo vita yako ya kwanza ni ndani ya chama, na mara nyingi ndiyo ngumu kuliko ya pili. England, saini za wapigakura wawili zinatosha kukuingiza kwenye karatasi ya kura ya baraza.

Nenda ofisi ya uchaguzi, omba ratiba na kanuni zilizochapishwa, kisha bandika tarehe zote ukutani. Kama umeajiriwa serikalini, uliza mapema unatakiwa kuacha kazi lini. Usiridhike na jibu la mdomo.

Hatua ya 2: Pata daftari la wapigakura, tafuta namba yako

Chukua matokeo ya uchaguzi uliopita, kituo kwa kituo. Tuseme kata ina wapigakura 6,000 na nusu yao ndio hujitokeza. Walikuwa wagombea watatu, mshindi akapata 1,300. Pale ambapo sheria inampa kiti mwenye kura nyingi kuliko wenzake, huna haja ya kupendwa na kata nzima. Unahitaji watu 1,500 hivi wenye majina, watakaoamka siku hiyo na kwenda kituoni. Hiyo ndiyo namba yako.

Sasa fungua daftari la kawaida, ukurasa mmoja kwa kila mtaa au kitongoji. Piga mistari ya safu nne: jina kama lilivyo kwenye daftari la wapigakura, kituo chake, mtu wa timu yetu anayemfahamu, na alama. Moja ni wetu kabisa, mbili anaelekea kwetu, tatu hajaamua, nne ni wa mwenzako. Safu ya tatu ndiyo yenye thamani kuliko zote, maana inakuonyesha wapi huna mtu. Kitongoji kisicho na jina hata moja kwenye safu hiyo ni kitongoji ulichokwisha kupoteza, hata kama watoto wa huko wanaimba jina lako gari lako likipita.

Hatua ya 3: Pesa

Tenga kwanza za siku ya kupiga kura: posho za mawakala, usafiri, simu. Zikibaki ndipo ufikirie fulana na mabango. Mweka hazina asiwe ndugu yako, kwa sababu atashindwa kukukatalia mbele ya watu. Kila shilingi iwe na risiti, kwani nchi nyingi zitakudai hesabu: Tanzania kwa mfano ina Sheria ya Gharama za Uchaguzi tangu 2010. Na suala la takrima, yaani kuwagawia wapigakura vitu, lilishaamuliwa huko na Mahakama Kuu mwaka 2006, ilipobatilisha vifungu vilivyoiruhusu. Atakayekwambia kugawa vitu ni ukarimu tu hatasimama nawe kizimbani.

Hatua ya 4: Kuchukua na kurudisha fomu

Kampeni nyingi hufia hapa bila hata mkutano mmoja. Mwaka 1996 Barack Obama, akiwania kwa mara ya kwanza useneta wa jimbo la Illinois, aliweka pingamizi dhidi ya saini za wapigakura waliowadhamini wapinzani wake wa ndani ya chama, akiwemo seneta aliyekuwa akikalia kiti hicho. Wote waliondolewa, akabaki peke yake kwenye mchujo. Alitumia sheria iliyokuwepo. Mpinzani wako naye anaweza kuisoma.

Kwa hiyo wadhamini wako wazidi kiwango kinachotakiwa, kama sheria inaruhusu, na kila mmoja ahakikiwe kwenye daftari kabla hajatia saini. Angalia namba ya kadi, kata, na mpangilio wa majina. Majina yako mwenyewe yafanane kila mahali: kama kadi inasema Juma Ally Hassan, usijaze Juma A. Hassan kwa kuwa ndivyo unavyofahamika. Mpe fomu mtu asiyekupenda sana aisome yote. Rudisha siku za mwanzo ili kosa likionekana uwe na muda wa kulirekebisha, na usiondoke bila nakala yenye muhuri.

Hatua ya 5: Nyumba kwa nyumba

Mikutano ya hadhara ina raha yake, ila wanaohudhuria wengi ni wako tayari, na waliobaki wamekuja kutazama. Kura zinatafutwa mlangoni. Mwaka 1998 watafiti Alan Gerber na Donald Green wa Chuo Kikuu cha Yale walifanya jaribio mjini New Haven, Marekani: waliofikiwa ana kwa ana nyumbani walijitokeza kupiga kura zaidi kwa kiasi kikubwa, ilhali simu hazikusaidia. Mgombea anayekesha akituma ujumbe kwenye makundi ya simu alikumbuke jaribio hilo.

Mlangoni mambo huwa hivi:

"Shikamoo mama."
"Marahaba mwanangu. Si wewe mtoto wa Bi Zuhura?"
"Ndiye mimi, mama. Nagombea udiwani, nimekuja kukuomba kura."
"Aa, usijali mwanangu, tuko pamoja."

Hapo mgombea asiye na uzoefu hushukuru na kuweka alama ya moja. Mwenye uzoefu anaweka tatu na kuendelea kukaa. "Tuko pamoja" wataambiwa wagombea wote watatu wiki hiyo hiyo, na mama hajadanganya, amekaribisha mgeni tu. Muulize jambo gani hapa linamsumbua zaidi, kisha nyamaza. Akikueleza kuhusu daraja lililobomoka, liandike mbele yake, na mwambie ukweli kama liko ndani ya uwezo wa baraza au la. Kisha muulize kituo chake ni kipi na ataenda saa ngapi. Anayekutajia saa unaweza kumpa mbili. Moja utampa pale kijana wako atakaporudi wiki ya pili na kuambiwa jibu lile lile.

Ukoo nao usiuchukulie kama mali yako. Kila familia ina ugomvi wake wa mpaka wa shamba au wa mirathi, na karatasi ya kura ni mahali pazuri pa kulipiza kimya kimya. Anza na ndugu ambao hamjasalimiana muda mrefu.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Uganda, katika uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji wa Julai 2018, wapigakura walipanga mstari nyuma ya mgombea wao na kila mtu aliona. Kwingine kura ni siri, na macho yako pekee ni wakala. Usimchague kwa uaminifu tu. Awe anasoma haraka, habishani ovyo, na anaweza kukaa mpaka usiku bila kutoka nje.

Kazi yake kubwa inaanza wakati wa kuhesabu. Karatasi yenye alama iliyovuka mstari ikiinuliwa, aulize imeamuliwa vipi na kwa nini, kisha aandike. Asitie saini fomu ya matokeo ambayo hajajumlisha mwenyewe, na aondoke na nakala: Kenya, kwa kiti cha wadi, ni Fomu 36A. Kura moja ina uzito kuliko mnavyodhani. Mei 2017, South Blyth huko Northumberland, Uingereza, wagombea wawili walifungana hata baada ya kuhesabu upya. Wakavuta vijiti. Mgombea wa chama cha Liberal Democrats akamshinda wa chama cha Conservative, na Conservative wakakosa wingi barazani kwa kiti kimoja.

Hatua ya 7: Kesho yake

Ukishinda au ukishindwa, kusanya nakala zote za fomu, zipange kwa vituo na ujumlishe upya ukiwa na mtu mwingine mezani. Hesabu zisipolingana, mwone wakili siku hiyo hiyo: Kenya, kesi ya kupinga matokeo inafunguliwa ndani ya siku 28 tangu kutangazwa. Zikilingana, mpigie mpinzani wako simu kabla ya jioni, walipe mawakala walichoahidiwa, na utume mtu akabandue mabango.