Kuonja na Kupima Mvinyo Bora: Jinsi ya Kulinganisha Maeneo na Miaka ya Mavuno

Mvinyo unaoonjwa peke yake husema machache. Mtu anaweza kuketi na chupa moja ya bei kubwa ya Bordeaux, eneo la mvinyo nchini Ufaransa, akaisifu kwa maneno mazuri, na bado asijue kama anachokisifu kimetoka kwenye aina ya zabibu, kwenye udongo, kwenye hali ya hewa ya mwaka ule, au kwenye pipa la mwaloni ambamo mvinyo ulihifadhiwa. Njia ya kujua ni kulinganisha kwa mpangilio: badilisha jambo moja, acha mengine kama yalivyo. Mwongozo huu ninautumia ninapowafundisha wahudumu wa mezani, na unamfaa pia mtu yeyote mwenye chupa nne nzuri na jioni isiyo na haraka.

Hatua ya 1: Weka swali kabla ya kununua chupa

Yako maswali mawili yenye faida. La kwanza ni la mahali: zabibu za aina moja, mwaka mmoja, maeneo tofauti. La pili ni la mwaka: mzalishaji mmoja, mashamba yale yale, miaka tofauti. Ukiyachanganya kwenye meza moja, utaona tofauti nyingi na hutajua hata moja imesababishwa na nini.

Kwa swali la mahali, zabibu aina ya Cabernet Sauvignon ni mwalimu mzuri kwa sababu hupandwa karibu kila mahali na tabia yake haipotei kwa urahisi. Chukua mmoja kutoka Pauillac nchini Ufaransa, mwingine kutoka Napa Valley huko California, wa tatu kutoka Stellenbosch nchini Afrika Kusini, na wa nne kutoka Coonawarra nchini Australia. Kwa swali la mwaka, tafuta mzalishaji mmoja wa Médoc, katika ukingo wa kushoto wa mto huko Bordeaux, na upate mavuno yake ya 2009, 2010, 2013 na 2016. Nitaitumia mifano hii miwili hadi mwisho.

Huna haja ya majina makubwa ya orodha ya mwaka 1855, ile iliyozipanga nyumba za mvinyo za Bordeaux kwa madaraja. Kwa swali la mwaka, nyumba ya wastani inafundisha zaidi, kwa kuwa nyumba tajiri inaweza kuchambua zabibu punje kwa punje na kuuza mvinyo dhaifu kwa lebo ya pili, hivyo ubaya wa mwaka ukafichika. Gharama pia hugawanyika: chupa ya mililita 750 inatosha watu 15 wakimiminiwa mililita 50 kila mmoja.

Hatua ya 2: Andaa meza

Tumia bilauri za aina moja kwa mivinyo yote, zenye tumbo pana na mdomo uliofinyika ili harufu ikusanyike juu. Bilauri ya kuonjea iliyowekewa kiwango na shirika la ISO ina ujazo wa takriban mililita 215, na inatosha kabisa. Mimina mililita 50 tu, maana bilauri iliyojaa haizungushiki.

Jambo linaloharibu uonjaji mwingi katika miji yetu ya pwani ni joto. Ushauri wa kunywa mvinyo mwekundu katika joto la chumba ulizaliwa katika nyumba za Ulaya zilizokuwa baridi. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa chenye nyuzi 30 huufanya mvinyo utoe mvuke wa pombe unaochoma pua na kuziba harufu nyingine zote. Lenga nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi kwa mwekundu mzito, na 10 hadi 12 kwa mweupe wenye uzito. Chupa iliyotoka rafuni iwekwe kwenye jokofu kwa nusu saa au zaidi, kisha ipimwe kwa kipimajoto. Usipitilize, kwa kuwa baridi kali huzima harufu na kuufanya ukakasi uonekane mkubwa kuliko ulivyo.

Chupa ya zamani isimamishwe wima siku moja kabla ili mashapo yatue, kisha imiminwe taratibu kwenye chombo kingine huku taa ikiwaka nyuma ya shingo yake, na uache kumimina mara uonapo mashapo yanakaribia. Mvinyo mwekundu mchanga hunufaika ukifunguliwa saa moja au mbili mapema. Chumba kisiwe na udi, manukato wala harufu ya vitunguu vinavyokaangwa.

Mwishoni, ficha lebo. Mtu asiyeonja azivike chupa mifuko ya karatasi na kuziandika herufi bila kukuambia mpangilio. Mnamo tarehe 24 Mei 1976, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwaketisha majaji wa Kifaransa jijini Paris waonje mivinyo ya Ufaransa na ya California bila kujua ipi ni ipi, nao wakaipa nafasi ya kwanza mivinyo ya California katika makundi yote mawili, Chateau Montelena ya 1973 kwa mweupe na Stag's Leap Wine Cellars ya 1973 kwa mwekundu. Walikuwa watu wenye ujuzi mkubwa. Kama lebo zingeonekana, sidhani matokeo yangekuwa hayo.

Hatua ya 3: Tazama rangi, lakini usiiamini mno

Inamisha bilauri juu ya karatasi nyeupe na utazame ukingo wa mvinyo. Mwekundu mchanga huelekea zambarau. Kadiri miaka inavyopita hugeuka kuwa wa rangi ya rubi, kisha ya tofali, na hupauka. Mweupe hufanya kinyume: huzidi kukolea, kutoka rangi ya majani makavu hadi dhahabu na kaharabu. Kumbuka kwamba zabibu nazo zina maumbile yao. Nebbiolo, zabibu ya Italia inayotoa mvinyo mwekundu wa Barolo, ni hafifu wa rangi tangu ujana wake na ukingo wake huwahi kuwa wa tofali, ilhali ukakasi wake ni miongoni mwa ulio mkali kuliko wote.

Rangi hudanganya pua pia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, Gil Morrot, Frédéric Brochet na Denis Dubourdieu waliwapa wanafunzi 54 wa sayansi ya mvinyo huko Bordeaux mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, nao wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Kwa hiyo mimi huwataka wanafunzi wanuse mara ya kwanza wakiwa wamefumba macho.

Hatua ya 4: Nusa, kwanza kwa kutafuta kasoro

Nusa kabla ya kuzungusha bilauri, kisha zungusha na unuse tena. Kazi ya kwanza ni kuhakikisha kwamba chupa ni nzima, kwa kuwa chupa mbovu haiwezi kuwa shahidi wa mahali wala wa mwaka. Harufu ya kadibodi iliyolowa au ya ghala lenye ukungu hutokana na kemikali iitwayo TCA, ambayo mara nyingi huingia kupitia kizibo. Ikiwa nyingi, kila mtu huitambua. Hatari iko pale inapokuwa kidogo: mvinyo haunuki vibaya, ila tunda linatoweka, na mwonjaji asiye na uzoefu huandika kwamba eneo fulani linatoa mvinyo usio na harufu. Ukishuku hivyo, fungua chupa ya pili kama unayo.

Harufu ya siki au ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha ni dalili ya asidi tete iliyozidi. Harufu ya tufaa lililokatwa na kuachwa wazi, kwenye mvinyo ambao haukukusudiwa kuwa hivyo, ni ya hewa iliyoingia. Yai viza au kiberiti kilichowashwa mara nyingi huondoka bilauri ikizungushwa kwa dakika chache, kwa hiyo usiuhukumu haraka. Zizi la farasi hutokana na hamira iitwayo Brettanomyces. Wako wanaoipenda ikiwa kidogo, na mimi si mmoja wao, kwa maana huifanya mivinyo ya nchi mbalimbali ifanane.

Chupa ikiwa nzima, panga harufu kwa asili yake. Ziko za tunda na maua, ziko za utengenezaji, kama vanila na moshi kutoka kwenye mwaloni au siagi kutoka kwenye uchachushaji wa pili unaoilainisha asidi, na ziko za uzee, kama ngozi, uyoga, tumbaku na majani yaliyooza. Andika kitu unachokifahamu kwa pua yako mwenyewe. Zambarau, ukwaju, karafuu, kungumanga na waridi vina thamani kubwa kuliko tunda la Ulaya ambalo hujawahi kulishika. Riesling iliyozeeka, mvinyo mweupe wa bonde la Mosel nchini Ujerumani, hunukia mafuta ya taa, na hakuna neno linaloieleza vizuri zaidi.

Hatua ya 5: Weka mdomoni na upime umbo

Chukua funda dogo, vuta hewa kidogo juu yake, lizungushe mdomoni mwote, kisha tema. Asiyetema hafiki bilauri ya nne akiwa na akili ya kulinganisha. Pima kila jambo peke yake na uliandikie kiwango: chini, wastani, au juu.

Utamu wa sukari usiuchanganye na harufu tamu. Uchachu upime kwa mate: yakitiririka baada ya kutema, asidi iko juu. Ukakasi ni ule ukavu unaobaki kwenye fizi na mashavu, kwa sababu tanini, kemikali zitokazo hasa kwenye maganda na mbegu za zabibu, hushikamana na protini za mate. Hapa andika kiwango na pia ubora, kama ni mororo au unaparuza, kwa kuwa ukakasi mwingi ulio mororo ni sifa na mchache unaoparuza ni kasoro. Pombe husikika kama joto kooni. Uzito ni namna mvinyo unavyojaza mdomo.

Baada ya kutema, hesabu sekunde ambazo ladha njema inadumu. Joto la pombe na uchungu usivihesabu, hata vikidumu. Kati ya bilauri na bilauri tumia maji na mkate mtupu. Jibini huulainisha ukakasi na kuupendelea mvinyo usiostahili.

Hatua ya 6: Soma mahali na mwaka

Sasa rudi kwenye maandishi yako. Kwa Cabernet za maeneo manne, Pauillac kwa kawaida itaonyesha uchachu ulio wazi, ukakasi ulionyooka, na harufu ya mbao za mwerezi na ncha ya penseli. Iko kwenye changarawe inayopitisha maji, na bahari ya Atlantiki huzuia joto lisizidi. Napa itakuwa na tunda lililoiva zaidi, uzito mkubwa na pombe inayofika au kupita asilimia 14.5. Coonawarra, yenye udongo mwekundu juu ya chokaa, mara nyingi hutoa harufu ya mnanaa. Stellenbosch husimama katikati, tunda la jua likiwa na ukavu fulani wa mimea. Ukikuta pilipili hoho mbichi kwenye yoyote, jua kwamba zabibu hazikuiva vya kutosha au eneo ni la baridi. Kumbuka pia kwamba kusini mwa ikweta mavuno hufanyika kati ya Februari na Aprili, hivyo mivinyo yenye mwaka mmoja kwenye lebo inaweza kutofautiana kwa nusu mwaka.

Swali la mwaka ni gumu zaidi na tamu zaidi. Katika Médoc, majira ya joto ya 2009 yalikuwa ya jua na ukame, na mvinyo wake una tunda jingi, ukakasi laini na mvuto wa haraka. Mwaka 2010 nao ulikuwa mkavu, lakini usiku ulikuwa baridi zaidi, hivyo asidi ikabaki juu pamoja na tanini nyingi. Wengi wakionja hiyo miwili bila kuona lebo huichagua 2009, na siwalaumu. Lakini ukiulizwa ni upi utakaoishi miaka mingi zaidi, tazama asidi na ukakasi, nawe utaichagua 2010. Mwaka 2013 majira ya kuchipua yalikuwa ya baridi na mvua, maua hayakushika vizuri, na kuoza kuliwalazimisha wakulima kuvuna mapema kuliko walivyotaka. Hapo tafuta uwazi wa rangi, upungufu wa uzito katikati ya mdomo, na ladha inayokatika upesi. Mwaka 2016 ulianza na mvua nyingi, ukafuatwa na kiangazi kirefu na usiku baridi wa Septemba. Unastahili kusomwa polepole, kwa sababu hakuna kitu kinachojitokeza mbele ya kingine.

Desturi hii ya kusoma mwaka inategemea kwamba mzabibu huvunwa mara moja. Dodoma, ambako mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, muulize mtengenezaji ni mavuno ya msimu gani kabla hujailinganisha chupa yake na nyingine.

Hatua ya 7: Toa hukumu

Tenganisha kupenda na ubora, na viandike katika safu mbili. Ubora una maswali manne: je, sehemu zake zina uwiano? Ladha inadumu? Harufu na ladha zina nguvu? Na je, kuna mambo mengi yanayobadilika kila unaporudi kwenye bilauri? Mvinyo unaojibu ndiyo mara nne ni bora sana hata kama hukuupenda. Uwiano ndio ninaoupa uzito mkubwa, kwa kuwa miaka haiurekebishi: mvinyo uliozidiwa na mwaloni ukiwa mchanga huzeeka ukiwa umezidiwa na mwaloni.

Alama zinafaa kwa kulinganisha meza moja tu. Mizani ya alama 20 inatosha; ile ya 100 iliyoenezwa na mhakiki wa mvinyo Mmarekani Robert Parker kwa hakika huanzia 50, na tofauti ya alama moja kati ya 93 na 94 siioni kuwa na maana yoyote kwa mtu anayeonja mara moja.

Usifunue lebo usiku huo. Ziba chupa zenye mabaki, ziweke kwenye jokofu, na kesho yake zitoe mapema zifikie joto lile lile, uonje tena kwa herufi zile zile. Mvinyo ulioporomoka kwa siku moja ulikuwa karibu na mwisho wake, na uliofunguka zaidi bado una safari. Andika mabadiliko hayo kwa wino wa rangi nyingine pamoja na tarehe, kisha vua mifuko.