Somo: Kupaka bodi ya Datsun 240Z ya Safari (1:24) kwa kopo la spirei, kuanzia plastiki tupu hadi vumbi la njia

Wakuu, somo hili ni la bodi tu. Chasisi, viti na dashibodi tuviache pembeni. Gari tunalofanyia kazi ni modeli ya plastiki ya Datsun 240Z, iliyoshinda mbio za Safari Rally mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann pamoja na Hans Schüller, na ikarudia 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews. Tunaifuata ile ya 1971: bodi nyekundu na boneti nyeusi isiyong'aa. Katika kipimo cha 1:24 (gari halisi limepunguzwa mara 24) inatoka na urefu wa kama sentimita 17.

Kinachoharibu bodi nyingi ni haraka: rangi inafunikwa kabla ya ile ya chini kukauka. Kazi ya mikono haizidi saa sita. Kungoja ni wiki mbili, na wiki hizo hazina njia ya mkato.

Vifaa
Praima (rangi ya chini kabisa) nyeupe laini ya kopo, na spirei za kampuni ya Tamiya: TS-8 (nyekundu), TS-13 (klia, yaani vanishi ya kung'arisha), TS-6 (nyeusi isiyong'aa). Kopo moja la mililita 100 linatosha bodi moja na kubaki. Msasa wa maji namba 800, 1000, 2000 na 3000, kompaundi laini ya kung'arishia, masking tepu ya milimita 6 na 18, kisu chenye ncha, kibano, gundi nyeupe ya mbao. Barakoa iwe ya kichujio cha mvuke wa kemikali. Ile ya hospitali haizuii mvuke wa thina. Pulizia nje au mahali penye upepo wa kutosha, mbali na jiko lolote linalowaka.

Hatua ya 1: Bodi tupu
Tafuta mistari ya moldi, yaani alama zilizoachwa na kalibu ya kiwandani. Ni ukingo mwembamba sana unaopita juu ya madigadi na kwenye kona za bampa. Ukipitisha ukucha utausikia kabla jicho halijauona. Uparuze kwa mgongo wa kisu, kisha msasa 800 wenye maji.

Halafu hatua ambayo wengi wanairuka: chimba upya mistari ya milango, boneti na buti kwa mgongo wa ncha ya kisu, ukipita kidogokidogo mara tatu au nne. Praima, rangi na klia zikikaa pamoja zinaujaza mstari, na mlango unabaki kama umechorwa kwa penseli.

Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, ukitumia mswaki laini. Plastiki hutoka kiwandani na mafuta ya moldi, na praima juu ya mafuta inajikusanya na kuacha vishimo vya duara. Baada ya hapo usiishike bodi kwa vidole vitupu. Ibane kwa ndani kwenye chupa au waya wa kuning'inizia nguo.

Hatua ya 2: Praima
Mikono miwili myepesi (kila tabaka la rangi tunaliita mkono), dakika 15 katikati. Kwa nini nyeupe? Nyekundu ina uwazi: juu ya kijivu inafifia na kuelekea kahawia, juu ya nyeupe inawaka. Acha saa 24, pitisha msasa 1000 wenye maji, na usiguse kingo kali, maana hapo ndipo plastiki inapotokeza kwanza. Praima inaonyesha kila mkwaruzo uliokuwa umejificha. Ukiuona sasa, urekebishe sasa.

Hatua ya 3: Nyekundu
Liweke kopo kwenye maji ya uvuguvugu, kama nyuzi 40, kwa dakika tano. Maji yasichemke na kopo lisikaribie moto. Shinikizo linapanda, matone yanakuwa madogo, rangi inalala laini. Kausha kopo vizuri. Tone moja la maji kutoka kwenye kitako chake linatosha kuharibu paa. Tikisa dakika mbili nzima.

Umbali ni sentimita 20 hadi 25. Anza kupuliza nje ya bodi, pita juu yake, malizia nje upande wa pili. Ukianzia au kusimama juu ya bodi, rangi inarundikana na kuchuruzika.

Mkono wa kwanza ni ukungu tu. Nusu ya praima iendelee kuonekana. Pita kwanza sehemu ngumu: ndani ya matao ya magurudumu, chini ya bampa, nguzo za madirisha. Ukianza na paa, utazifuata sehemu hizo mwishoni na paa litapokea rangi mara mbili zaidi ya linavyohitaji. Ngoja dakika 15, rudia. Mkono wa tatu na wa nne ndio wenye majimaji: karibia hadi sentimita 15, sogeza mkono taratibu, mwangaza wa dirisha uuone ukitiririka juu ya rangi nyuma ya mkono wako. Hapo hapo acha kuongeza rangi, hata kama kuna sehemu unaona haijashiba.

Funika kwa beseni kubwa lililoinuliwa kidogo hewa ipite. Saa 48 kabla ya kuigusa. Usiianike juani wala kuifungia ndani ya gari. Plastiki hii inapinda kwa joto, na paa la 240Z lililopinda halirudi.

Hatua ya 4: Dekali
Kata kila dekali (stika nyembamba inayobanduka kwa maji) karibu na chapa yake, loweka sekunde 15, weka juu ya tishu kwa dakika moja hadi iteleze yenyewe. Dondosha maji kidogo mahali inapokwenda, itelezeshe, kisha kamua maji kwa kijiti cha pamba kutoka katikati kwenda nje. Kwenye mikunjo tumia dawa ya kulainisha dekali. Itajikunja na kutisha. Usiiguse, inajinyoosha ikikauka. Acha usiku mzima.

Hatua ya 5: Klia
Hapa ndipo machozi yapo. TS-13 ina kiyeyushi kikali, na ikimwagwa nene juu ya dekali inazipasua na kuzikunja. Mikono mitatu ya kwanza iwe ukungu mtupu, dakika 20 katikati. Ikishajenga ganda jembamba, ndipo unaweka miwili yenye majimaji. Kisha ngoja siku saba. Nusa bodi: ikiwa bado inanukia thina, haijakauka, hata kama kidole kinapita vizuri.

Vipele kama ganda la chungwa viondoe kwa msasa 2000 wenye maji na tone la sabuni, kisha 3000, kisha kompaundi kwa kitambaa laini. Kingo zifunike kwa tepu ya milimita 6 wakati wa msasa.

Hatua ya 6: Boneti
Nyeusi inakuja mwisho kabisa, kwa sababu klia ikipita juu yake itang'aa. Tepu ifuate mstari wa boneti, ukingo wake ukandamizwe kwa kijiti cha meno. Mwili wote uliobaki funika kwa mfuko wa plastiki, kwani ukungu wa spirei unapenya popote. Pulizia klia kidogo kwenye ukingo wa tepu kwanza, izibe mianya, halafu mikono miwili ya TS-6. Bandua baada ya nusu saa, ukivuta tepu ikiwa imejikunja nyuma yenyewe.

Hatua ya 7: Vumbi
Chukua udongo mwekundu halisi, ukaushe kwenye sufuria, uuchuje kwa soksi ya nailoni. Kipimo ndicho kinachoamua: kwa 1:24, punje ya milimita 1 ni kokoto la sentimita 2.4. Unachotaka ni unga unaoshika kidole kama poda. Kijiko kimoja cha chai cha unga, nusu ya gundi nyeupe, maji hadi iwe kama uji mwepesi, na tone la sabuni ya vyombo ili isijikusanye juu ya klia. Chagua udongo mwepesi wa rangi, kwa kuwa gundi inautia giza.

Rusha kwa mswaki wa zamani nyuma ya kila gurudumu, kuelekea juu na nyuma ya gari. Sehemu ya nyuma ya gari hupata vumbi kavu jingi kuliko ubavu. Kabla ya kuanza, bandika kwenye kioo cha mbele tepu iliyokatwa kwa umbo la wipa zinapofagia. Ukiibandua mwishoni, dereva amepata pa kuonea.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, niko Mombasa. Klia yangu imeota ukungu mweupe kama maziwa. Bodi ndiyo imekwisha?*
Haijaisha. Kiyeyushi kikiruka haraka kinaipoza rangi, na unyevu wa hewa unageuka maji juu yake. Ngoja siku kavu, mchana wakati upepo unavuma, upulizie klia nyembamba. Kiyeyushi kinaifungua ile ya chini na maji yanatoka. Usipake asubuhi na mapema wala mvua ikinukia.

*Dukani nimepata makopo ya PS ya Tamiya, bei ni nafuu. Yanafaa?*
Hapana, ndugu. PS ni ya bodi za polikaboneti za magari ya rimoti. Kwenye modeli ya plastiki ngumu tumia TS.

*Na spirei za duka la vipuri vya magari?*
Baadhi zinafaa, baadhi zinaitafuna plastiki na kuiacha na nyufa kama tope lililokauka. Jaribu kwanza kwenye fremu iliyobaki baada ya kukata vipande. Ni plastiki ileile ya bodi.

*Nimeharibu kabisa, nataka kurudi mwanzo.*
Loweka kwenye isopropili ya asilimia 90 au zaidi, saa chache hadi siku moja, kisha mswaki. Wengine hutumia mafuta ya breki, lakini baadhi ya plastiki hubaki dhaifu na kuvunjika. Vipande vya kromu vinavuliwa kwa Jiki ndani ya saa moja au mbili. Jiki usiichanganye na siki wala dawa nyingine yoyote, inatoa gesi ya sumu.

*Dirisha limepata ukungu mweupe baada ya kubandika.*
Ni mvuke wa supagluu. Ukiwa upande unaofikika, msasa 3000 na kompaundi vinaurudisha. Vioo vibandikwe kwa gundi nyeupe ya mbao. Ikikauka haionekani, na ikizidi unaifuta kwa maji.

*Kwa Safari ya mvua, udongo mwekundu bado ni sahihi?*
Swali zuri, dada. Mbio zilikuwa za Pasaka, msimu wa mvua, na nyanda za Kenya zina udongo mweusi wa pamba unaonata. Kwa gari la namna hiyo tumia udongo wa kijivu kizito, uufanye mzito kama ugali laini, uujaze ndani ya matao kwa kijiti, kisha gusa klia inayong'aa sehemu chache tu ili zionekane mbichi. Vumbi jekundu na tope bichi visikae pamoja kwenye paneli moja, isipokuwa tope liwe juu ya vumbi.