Kupima plaki kwenye aota ya panya (soma mpaka mwisho ndio uulize)

Wakuu, wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne plaki ya panya (mafuta yanayojikusanya kwenye ukuta wa mshipa wa damu) inapimwaje, sasa naandika mara moja halafu basi. Naongelea panya wa ApoE, wale walioondolewa jini ya apolipoproteini E, wapo tangu 1992, na tunapima kwenye mzizi wa aota, yaani mshipa mkuu wa damu, pale inapochomoza moyoni.

1. Walishe chakula cha mafuta 21% na kolesteroli 0.2%, wiki 12.

2. Ua kwa njia iliyopitishwa na kamati ya maadili. Pitisha PBS (maji ya chumvi yenye bafa) kwenye chumba cha chini cha kushoto, toboa cha juu cha kulia damu ipate pa kutokea.

3. Loweka moyo kwenye paraformaldehaidi 4%, halafu sukrosi 30% mpaka uzame.

4. Kata moyo utupe nusu ya chini. HAPA NDIPO NILIPOLIA. Mkato lazima uende sambamba na mstari unaopita kwenye ncha za chini za vile visikio viwili vya juu, halafu simamisha moyo kwenye OCT (gundi ya kugandishia tishu) uso uliokatwa ukiwa chini, gandisha kwa barafu kavu. Mimi nilikata kwa haraka kimshazari, mioyo sita, nikapata plaki kubwa za kutisha, msimamizi akafurahi kweli, kuja kuangalia vizuri kila slaidi ina majani mawili tu ya vali ya aota, la tatu halionekani. Ni kama ndizi, ukiikata kimshazari kipande kinakuwa kirefu lakini ndizi haijanenepa. Wiki 12 za kulisha panya zikaenda hivyohivyo. Kwahiyo usianze kukusanya mpaka majani yote MATATU ya vali yaonekane pamoja, yakikataa geuza kitalu (lile donge la OCT lenye moyo) kidogokidogo kwenye kraiostati, mashine ya kukatia vilivyogandishwa, usijidanganye kwamba itajirekebisha mbele.

5. Kata vipande vyenye unene wa mikroni 10. Panga slaidi 8, kipande cha 1 slaidi ya 1, cha 2 slaidi ya 2, cha 9 unarudi slaidi ya 1. Kila slaidi inakuwa na vipande vilivyoachana mikroni 80.

6. Paka Oil Red O (rangi nyekundu inayoshika mafuta) iliyochujwa, suuza na isopropanoli 60%, hematoksilini (rangi ya bluu ya viini vya seli) kidogo, funika kwa gelatini ya gliserini.

7. Pima eneo la plaki kwa mikroni za mraba, kwa programu ya ImageJ, na anayepima asijue panya yupi ni wa kundi gani.

MASWALI

slaidi_tupu: Mkuu mbona zangu hazina wekundu wowote? Nilipitisha kwenye alkoholi kali na zailini nikafunika.
— Hatua ya 6 imesema alkoholi kali na zailini wapi? Umeyayeyusha mafuta uliyotaka kuyapima.

slaidi_tupu: Sawa, ila na parafini je?
— Parafini nayo inapitia zailini ileile. Oil Red O ni vipande vya kugandisha. Soma tena.

binti_wa_maabara: Samahani kaka, kwa nini tusichukue kipande kimoja chenye plaki kubwa? Na kwa nini mikroni za mraba badala ya asilimia?
— Swali zuri dada. Ukichagua kikubwa unapima bahati yako, chukua wastani wa vipande vitano vya slaidi moja. Asilimia inadanganya kwa sababu mshipa wenyewe unaweza kutanuka plaki ikikua, unagawa kwa namba inayohama. Ila ukiipasua aota nzima ukaitandaza kwa pini, hapo asilimia ya eneo ndio hutumika, na ung'oe mafuta yote ya nje kwanza maana nayo yanashika rangi.

mzee_wa_data: Hawa panya hupata mshtuko wa moyo kama binadamu?
— Kwa nadra sana, plaki zao hazipasuki kirahisi. Pia panya wa kawaida kolesteroli yake nyingi iko kwenye HDL (ile inayoitwa kolesteroli nzuri) na hana CETP, protini inayoihamisha kwenda kwenye aina mbaya, ndio maana inabidi kumharibu jini kwanza.

binti_wa_maabara: Asante kaka. Mimi maandishi yangu kwenye slaidi yote yalifutika 😩
— Isopropanoli hiyo, inakula wino wa maka. Andika kwa penseli pale kwenye ncha yenye ukungu.