Somo: Kufufua kichwa cha treni ya kuchezea kisichotengenezwa tena

Kichwa chenyewe ni cha Plarail, zile treni za plastiki za TOMY ya Japani zinazopita kwenye reli za buluu. Plarail zilianza kutoka mwaka 1959 na hadi leo zinatengenezwa, ila toleo hili la zamani linalotumia betri nene usilitafute dukani. Shemeji yangu alilikuta chini ya kiti cha nyuma cha gari alilokwenda kulitoa bandarini. Lina sura ya Shinkansen ya kwanza, ile yenye pua ya mviringo iliyoanza safari kati ya Tokyo na Osaka tarehe 1 Oktoba 1964. Mpwa wangu, miaka 5, hayo hayamhusu. Kwake huo ni mwendokasi wa Morogoro, na analala nao.

Siku ulipozima nilikwenda Kariakoo nikamnunulia kingine, chenye taa na muziki. Mjomba (ndivyo tunavyoitana, yeye na mimi) akakigeuza chini juu, akanirudishia. "Hiki si changu." Basi nikashika bisibisi.

Kabla ya kufungua

Piga picha kila upande, halafu muulize mwenye mali nini kisiguswe. Mimi sikuuliza. Nilifuta kwa spiriti mstari wa kalamu ubavuni nikidhani ni uchafu, kumbe ni namba ya treni, kaiandika mwenyewe. Alilia mpaka kwikwi.

Vifaa: bisibisi ndogo ya nyota, mita ya kupimia umeme, kibanio cha nyusi, mswaki mkuukuu, ndimu, spiriti, msasa laini, mafuta ya cherehani, na kikombe cha kuwekea skrubu. Pasi ya kulehemu utaihitaji ukibadilisha mota tu.

1. Sikiliza kwanza

Washa, sogeza sikio. Kimya kabisa maana yake umeme haufiki kwenye mota, au mota imekwama. Mota ikilia lakini magurudumu yamesimama, tatizo liko kwenye gia. Ukisikia ka-ka-ka, kuna gia iliyopasuka inayoruka meno. Magurudumu yakizunguka vizuri mkononi lakini kichwa hakisogei relini, ni mipira ya magurudumu imekauka. Ukishajua uko kundi gani, nusu ya hatua zilizo chini utaziruka.

2. Betri

Hiki kinatumia betri moja ya saizi C, ya kati, na siku hizi maduka mengi ya mtaani yana ndogo za rimoti na kubwa za tochi tu. Usihangaike. AA ina urefu karibu sawa na C, yapata milimita 50, na zote ni volti 1.5. Kinachotofautiana ni unene: 14.5 kwa 26. Nilikata boksi la dawa ya meno, nikaiviringishia AA mpaka ikajaa kwenye nafasi yake, nikafunga na selotepu. Ncha zote mbili ziachwe wazi. Itaisha mapema kuliko C, lakini kazi inafanya.

3. Kutu kwenye vibati

Fungua skrubu za chini, nyanyua bodi taratibu. Kama waya umenasa, usivute.

Nilikuta unga mweupe umejaa kwenye kibati cha upande wa hasi. Huo ni wa betri ya alkalaini iliyovuja: kilichotoka ni potasiamu hidroksidi, inayounguza ngozi na macho, kwa hiyo usiupulize kwa mdomo. Dondoshea ndimu au siki kidogo. Utachemka na kutoa povu. Sugua na mswaki, futa kwa kitambaa chenye maji, maliza na spiriti. Betri za bei rahisi za zinki zikivuja huacha uji wa kahawia, na huo ni wa asidi, kwa hiyo kwake tumia maji yenye baking soda badala ya ndimu. Kibati kikikauka, kipitishe msasa mpaka king'ae, kisha kikunje kidogo kwa kibanio ili kiibane betri.

4. Umeme unapotelea wapi

Hapa ndipo wengi wanapotupa mota nzima. Weka betri, washa, pima kwenye vibati vya betri huku umeshika magurudumu yasizunguke kwa urahisi. Halafu pima kwenye miguu miwili ya mota. Kwangu mita ilisoma 1.4 kwenye betri na 0.8 kwenye mota. Zile 0.6 zilikuwa zinaliwa njiani, kwenye swichi. Swichi yenyewe ni kibati kinachogusa kibati kingine, basi. Kipande cha karatasi ngumu chenye spiriti, nikakipitisha katikati mara kumi hivi, mita ikapanda hadi 1.3.

5. Gia na ekseli

Kichwa kikaamka, lakini kinatembea kama mgonjwa. Nikageuza. Ekseli ya nyuma ilikuwa imevikwa pete nyeusi, nene, ngumu kama kamba. Nilidhani ni sehemu ya mtambo! Kumbe rasta. Dada yangu anasuka nywele sebuleni na mwendokasi unapita hapo hapo chini ya viti vya wateja. Nyuzi za rasta zilikuwa zimejiviringisha mpaka ndani ya kisanduku cha gia. Kata kwa wembe sambamba na ekseli, vuta moja moja kwa kibanio. Kazi ya robo saa, na nadhani ndiyo iliyochosha betri kuliko kutu.

Kifuniko cha kisanduku cha gia changu kinashikwa na vijino vya plastiki, bila skrubu. Plastiki ya zamani huvunjika kama biskuti, kwa hiyo achia upande mmoja mmoja. Piga picha mpangilio wa gia kabla hazijamwagika. Angalia ile ndogo kabisa kwenye ncha ya mota. Hiyo ndiyo hupasuka. Usiigandishe kwa supa gluu: gluu hupenya kwenye ufa ikashuka hadi kwenye shingo ya mota, ukaua vyote viwili. Toa nyingine kwenye gari bovu la kuchezea, hesabu meno yalingane, na tundu lake libane ekseli ya mota bila kulegea.

Mafuta ya cherehani: tone moja kila upande wa ekseli, kwa ncha ya sindano. Inatosha.

6. Mota

Iunganishe na betri moja kwa moja. Ikisita, zungusha ekseli yake kwa vidole, jaribu tena. Mara nyingi ni uchafu kwenye brashi, vile vibati vya ndani vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka. Tone la spiriti ndani, izungushe kwa mkono, kisha iache ikauke kabisa kabla ya kuipa umeme, maana brashi hutoa cheche na spiriti inashika moto. Ikigoma bado, tafuta mota ya saizi 130, ile yenye ubavu bapa, upana milimita 20. Magari mengi ya kuchezea yanayo. Ya deki ya DVD haifai. Ni ya mviringo, haingii, na kwa volti 1.5 inajikongoja.

7. Mipira

Pete za mpira zikikauka, kata pete nyembamba kwenye shingo ya puto, ivalishe gurudumu bila mikunjo. Rababendi haifai, inaruka kwenye kona.

Maswali ya wanakikundi

*Shikamoo kaka fundi. Nimefuata yote, cha mwanangu sasa kinarudi nyuma tu. (Tanga)*

Marahaba dada. Umebadilisha mota, au siyo? Nyaya mbili za mota zimepishana. Zibadilishane nafasi, kitakwenda mbele.

*Nina betri ya lithiamu yenye umbo la AA, 3.7V. Si itakimbia zaidi?*

Itakimbia, kwa muda mfupi. Mota itachemka, na kisanduku cha gia cha plastiki kitalainika. Ukitaka ya kuchaji chukua NiMH ya 1.2V. Mwendo utapungua kidogo, mtoto hatajua.

*Mafuta ya nazi je? Ndiyo niliyo nayo. (Pemba)*

Yaache jikoni. Yatashika vumbi na yakipoa yanaganda. Omba tone kwa fundi cherehani, hakunyimi.

*Wifi yangu ametuma treni ya umeme kutoka Marekani, ya reli za chuma. Adapta imeandikwa INPUT 120V. Nichomeke? (Mwanza)*

Usichomeke, mama! Kwetu ni 230V, itatoa moshi kabla hujakaa. Ingeandikwa 100–240V ungebadilisha kichwa cha plagi tu. Hiyo inataka transfoma ya kushusha umeme. Na usiibadilishe na adapta ya redio kabla ya kusoma OUTPUT: treni nyingine hutumia AC relini, nyingine DC. Nitumie picha ya maandishi hayo.

*Sasa mjomba wako alikipokeaje?*

Alikigeuza, akatazama namba. Niliyoifuta ameshaiandika upya, kubwa kuliko ya kwanza. Akakiweka relini, akawasha, kikapita chini ya meza kikatokea upande wa pili. Akaniangalia: "Mjomba, leo imechelewa."